Pengo Katika Tangazo la Mama Bosibori

Gazeti letu liliinama mara moja, na mimi nilikuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu mwezi uliopita tuliitwa kwenye hoteli moja mjini Kisii, sisi wazee tuliobaki, kuiaga Kengele baada ya kutoka kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka hamsini. Tulipewa chai, sambusa na kuku mgumu ajabu. Kisha akasimama kijana mmoja mwenye suti ya kubana, mjukuu wa mhariri wetu wa kwanza, akatuambia kwamba Kengele haikuwahi kumwinamia mtu yeyote, awe waziri, awe gavana, awe nani. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nikairudisha sambusa kwenye sahani. Mwenzangu wa zamani aliyekaa karibu nami, ambaye ananijua nikikunja uso, akaninong'oneza, "Moraa, wachana na yeye. Leo ni siku ya furaha." Nimewachana na mengi katika maisha yangu, pamoja na mume mmoja, lakini hili siliachi. Ni kweli kwamba mawaziri walitutisha na hatukutishika. Aliyetuinamisha hakuwa waziri. Alikuwa mzee mmoja wa kijijini mwenye mwavuli, na alifanya kazi hiyo kwa muda usiozidi saa moja.

Habari za kwetu, za baba na mama na majani ya chai waliyochuma, nitaziruka, maana hazina lawama katika jambo hili. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa mkaidi. Nilipoenda kuomba kazi, Mwalimu Ombati, yule mhariri, alinipa ukurasa wa Kengele ya wiki ile nisome kwa sauti. Watu wote walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuanzisha gazeti kwenye chumba cha fundi wa baiskeli kule Keumbu. Nilisoma mistari kumi, nikasimama, nikamwambia kuna kosa. Akavua miwani yake mizito, akaifuta kwa ncha ya koti, akautazama ukurasa kwa karibu sana. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. "Huyu atatusumbua," akamwambia mtu aliyekuwa chumba cha ndani. "Aanze Jumatatu."

Aliyeambiwa ni Juma, mwendesha mashine. Juma alikuwa Mwislamu wa mjini, mzaliwa wa Kisii, wa ukoo uliokuja kutoka mbali na kufungua duka la vitambaa. Ofisi yetu ilikuwa nyuma ya duka hilo hilo, vyumba vitatu chini ya mabati: kaunta mbele, herufi katikati, mashine nyuma. Kisii mvua hunyesha alasiri karibu kila siku, na ilipoanza kupiga mabati yale huku mashine ikinguruma, tulizungumza kwa mikono. Herufi zetu zilikuwa za risasi, kila moja na kijisanduku chake, nami kazi yangu ilikuwa kuzichomoa moja moja na kuzipanga zikiwa zimepinduka, neno kwa neno, mpaka ukurasa ujae. Vidole vyangu havikutakata mwaka mzima. Juma alinicheka Kiswahili changu tangu siku ya kwanza. "Binti, hicho Kiswahili umekibeba kichwani kutoka Nyamira? Mbona kimefika kimechoka hivi?" Nami nikamjibu kwa Ekegusii, nikidhani hataelewa, naye akanirudishia tusi la Ekegusii safi ambalo hata bibi yangu hakuwa amenifundisha. Tangu hapo tukawa marafiki.

Wiki yetu ilikuwa na umbo lake, na umbo hilo lilitokana na dini. Kengele ilichapwa Ijumaa. Lakini Ijumaa adhuhuri Juma alikwenda msikitini, na Mwalimu, ambaye alikuwa Msabato, hakuruhusu mashine iguse karatasi baada ya jua kutua. Ukutani karibu na dirisha alikuwa amebandika kalenda ya kanisa yenye saa za machweo, na aliiamini kuliko dirisha lenyewe, kwa kuwa dirishani mara nyingi hapakuonekana ila mvua. Kwa hiyo gazeti zima lilibanwa kati ya swala ya Juma na Sabato ya Mwalimu, na hakuna aliyelalamika. Mkewe Juma alituletea pilau Ijumaa. Siku nyingine tulikula obokima, ugali wa wimbi, na mboga za chinsaga zilizokuwa chungu sana, tukiwa tumesimama, sahani juu ya rundo la karatasi. Nikila chinsaga hiyo nilijifunza mambo mengi ya mji kuliko niliyojifunza shuleni, maana watu waliokuja kaunta walizungumza wazi kana kwamba sisi wa ndani hatuna masikio.

Watu wa nje hudhani gazeti la mashambani huuzwa na siasa. Letu liliuzwa na vifo. Ukurasa wa tatu ulikuwa wote wa matangazo ya mazishi, na malori ya ndizi yaliyoyachukua magazeti yetu alfajiri kwenda Ogembo na Nyamira yalikuta watu wameshapanga foleni, si kwa ajili ya waziri, bali kujua nani kafa na nani kaachwa. Ilikuwa imekuwa desturi kwamba kabla ya jeneza kushuka, mtu wa familia husimama na Kengele mkononi na kusoma tangazo letu. Jina lako likisomwa, unakwenda mbele na kutupa udongo. Jina lisiposomwa, unabaki ulipo, na kila mtu anaona umebaki. Watu wamefukuzwa kwenye mashamba kwa sababu walibaki walipo siku ya mazishi. Tangazo letu la mistari saba lilikuwa na nguvu kuliko barua ya chifu.

Ndiyo maana Mwalimu aliweka sheria ya kaunta, akanifundisha siku yangu ya kwanza. Tangazo la kifo haliletwi na mtu mmoja. Waje watatu, wa boma lile au majirani zake. Nikishalipanga, natoa prufu mbili, yaani karatasi za majaribio. Nawasomea kwa Kiswahili, kisha nawaeleza kwa Ekegusii, kila jina na cheo chake: mke wa kwanza, mtoto wa nani, mkwe wa nani. Wakikubali wanatia vidole gumba kwenye prufu zote mbili, nami naandika jina kando ya kila kidole; ya kwanza inabaki kwa Mwalimu. Ya pili inabaki kwa aliyepanga herufi. "Na jina likishasomwa hapa kaunta," Mwalimu aliniambia akigonga mbao kwa kidole, "halitoki. Hata aje nani. Umenisikia, Moraa?" Nilimsikia. Nilimpenda kwa maneno yale, na sioni aibu kusema hivyo.

Jumanne moja wakaja watatu kutoka upande wa Nyamira. Mmoja alikuwa kijana wa ukoo, wa pili bibi kizee jirani aliyejifunga shuka mbili, na wa tatu mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, na viatu vya mpira vyenye matope ya shamba la chai. Alijiita Kwamboka. Aliyekufa ni Mama Bosibori, mjane. Niliandika mabinti wa marehemu walioolewa mbali, nikaandika wajukuu, kisha nikamwuliza Kwamboka nimwandikeje yeye.

"Andika mimi ni mokamwana wake," akasema. "Mke wa mwana wake."

"Mwana huyo anaitwa nani?"

"Hana jina. Hakuzaliwa."

Kijana wa ukoo akatazama viatu vyake. Mimi nikaelewa, kwa kuwa ni jambo la kwetu, ingawa siku hizi husemwa kwa sauti ya chini. Mama Bosibori hakujaliwa mtoto wa kiume. Mjane wa namna hiyo angeweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe, akaoa msichana kwa ajili ya mwana ambaye hakuwahi kumpata. Msichana anaishi naye kama mke wa mwana huyo, anazaa na mwanamume waliyekubaliana, na watoto ni wa nyumba ile, warithi wa shamba lile. Kwamboka alikuwa ameishi hivyo tangu akiwa msichana. Alikuwa na wavulana wawili. Alikuwa amemwogesha yule bibi na kumlisha miaka yake ya mwisho, na sasa kila kitu chake kilisimama juu ya neno moja katika mistari yetu saba.

"Weka hivyo hivyo," bibi jirani akaniambia, akinitazama kwa ukali kana kwamba nimekataa. "Ng'ombe walipita mlangoni kwangu. Niliwaona na haya macho yangu."

Nikapanga. Nikasoma. Wote watatu wakatia vidole gumba, na hata yule kijana wa ukoo alitia, ingawa taratibu. Mwalimu alikuwa pale, alisikia kila neno, akaichukua prufu yake. Kwamboka aliomba nimsomee mstari wake mara ya pili. Nikamsomea. Akaniambia "mbuya mono", asante sana, akatoka kwenye mvua bila kujifunika.

Ijumaa kama saa kumi na moja jioni, ukurasa wa tatu ukiwa umefungwa kwenye fremu na Juma ametia wino, wakaja mashemeji wa marehemu, wanaume watatu. Mkubwa wao alikuwa Mzee Nyangau, ndiye mwenye mwavuli. Walikaa benchi moja na Mwalimu kanisani. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za mahindi, na mimi nikadhani wamekuja kuongeza jina.

"Mwalimu, hiyo jina ya huyo mwanamke itoke," Mzee Nyangau akasema. "Sisi ni watu wa kanisa. Mke bila bwana ni mke gani? Gazeti yako itaandika mambo ya upagani, na wewe ni mzee wa kanisa?"

"Alikaa na marehemu miaka mingi, mzee," Mwalimu akasema.

"Alikuwa mfanyakazi. Alikuwa anamsaidia."

"Na shamba ni ya baba yetu," akadakia mdogo wao.

Hapo nikasikia kanisa limekwisha na shamba limeanza. Nadhani Mwalimu pia alisikia, maana alikohoa na kutazama kalenda ukutani. Mzee Nyangau akakunja mwavuli wake taratibu, akamwambia kwamba kesho baada ya ibada wazee wangekaa kuzungumzia uongozi wa Mwalimu, na kwamba yeye binafsi asingependa kusema maneno mabaya juu ya ndugu yake. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nimewahi kuona mkuu wa wilaya akigonga kaunta ile ile kwa ngumi, na Mwalimu akimwuliza kama angependa chai. Lakini huyu alimgusa mahali ambapo mkuu wa wilaya hakupajua.

"Moraa," Mwalimu akasema bila kunitazama. "Toa hilo jina."

"Lilisomwa kaunta."

"Nimesema toa."

"Ulisema pia likisomwa halitoki, hata aje nani. Sasa nikutii wewe wa lini, Mwalimu? Wa Jumatatu ile, au wa leo?"

Mzee Nyangau akauliza kama siku hizi mambo ya boma yanaamuliwa na wasichana. Nikamwambia prufu ina vidole vitatu, na kimoja ni cha mtoto wa nduguye. Mwalimu akamgeukia Juma, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine akijipangusa mikono. Juma akatikisa kichwa. "Mimi nachapa, Mwalimu. Herufi sizigusi. Kila mtu na kazi yake."

Basi Mwalimu akalitoa mwenyewe. Alilegeza fremu, akainama hadi pua yake ikakaribia risasi, akachomoa herufi za mstari wa Kwamboka moja moja kwa kibanio, akakosea, akazirudisha nyingine, jasho likimtiririka. Jua lilikuwa limebakiza nusu saa kwenye kalenda. Kuipanga upya mistari ili majina yasogeleane kungehitaji muda ambao hakuwa nao, wala macho ambayo hakuwa nayo. Kwa hiyo alijaza nafasi ile kwa vipande vitupu vya risasi, visivyoshika wino, akakaza fremu, akamwambia Juma achape. Juma akachapa, uso umemvimba. Gazeti la kwanza likatoka likiwa na pengo jeupe katikati ya familia ya Mama Bosibori, upana wa vidole vitatu. Nilivua aproni. Mwalimu akaniambia nikitoka na hasira hiyo nisirudi. Nikafungua mtoto wa meza yangu, nikachukua prufu ya pili, nikaikunja ndani ya blauzi mbele yake. Sikuiiba. Ya pili ni ya aliyepanga.

Sitaki kujifanya kwamba nililala kwa amani. Nilikuwa na uchungu mwingi, kwa kuwa nilikuwa nimempenda mtu yule kuliko walimu wangu wote, na sasa nilimdharau, na kumdharau mtu unayempenda kunachosha mwili. Jumapili nilipita sokoni Keumbu. Mwanamke mmoja muuza ndizi alikuwa akisomewa ukurasa wa tatu na bintiye, na binti alipofika kwenye pengo akalivuka. Mama akamshika mkono, akaweka kidole pale peupe. "Hapa palikuwa na mtu," akasema. Hakuwa amekwenda shule hata siku moja. Nikajua kwamba Nyamira nzima imeshaliona pengo hilo, na kwamba kila mtu anasubiri Jumanne, siku ya mazishi, ili aone litaanguka upande gani.

Nilikwenda. Boma lilikuwa chini ya mteremko wa chai, watu wamejaa mpaka barabarani, ukungu umeshuka. Niliketi na wanawake. Kwamboka alikuwa nyuma kabisa karibu na jikoni, na wavulana wake wawili wamevaa sare za shule kwa sababu hawakuwa na nguo nyingine nzuri. Alikuwa amepika kwa ajili ya umati wote ule, na hakuna aliyemwita akae mbele. Kijana yule yule aliyetia kidole gumba ndiye aliyepewa gazeti asome. Alisoma kwa sauti kubwa. Mabinti waliitwa, wakaenda. Mashemeji waliitwa, wakaenda, Mzee Nyangau mbele. Alipofika kwenye pengo, akaruka.

Nikasimama. Nikasema kwa Ekegusii kwamba mimi ndimi niliyepanga tangazo lile kwa mikono yangu, na kwamba kuna mstari haujasomwa, na nitausoma. Mzee Nyangau akasema huyu msichana akalishwe chini. Nikaifungua prufu, nikasoma kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa: "Ameacha pia Kwamboka, mke wa mwanawe, na wajukuu wawili wa kiume." Kisha nikaeleza kwa Ekegusii, kama tulivyofanya kaunta. Kisha nikasoma vidole gumba, nani na nani, na nikamtaja kijana aliyeshika gazeti kwa jina lake. Macho yote yakamwendea. Alikuwa na umri kama wangu. Ningemwonea huruma siku nyingine.

"Ni kweli," akasema. "Nilitia."

Bibi jirani akainuka na shuka zake mbili, akasema tena habari za ng'ombe, safari hii kwa sauti ya kufika barabarani, na akamwuliza Mzee Nyangau kama amesahau kwamba yeye mwenyewe alikula nyama ya sherehe ya ndoa ile. Wanawake wakaanza kucheka, na mahali pa mazishi kicheko cha wanawake ni kitu kigumu kukishinda. Kwamboka hakungoja kuitwa. Alipita katikati ya watu, wavulana wake nyuma, akainama, akachukua udongo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Shamba lile wanalo wavulana wake mpaka leo. Mashemeji walijaribu tena kwa chifu, na chifu aliwauliza swali moja tu, nani alitupa udongo.

Alhamisi nilikwenda ofisini kuchukua aproni na kikombe changu. Juma aliniona, akaelekeza kidevu chumba cha herufi, akarudi kwenye mashine yake. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miwani puani, kibati cha kupangia mstari mkononi. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Herufi zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Hakunisalimia wala hakuniomba radhi. Alisogeza kibati mbele yangu, akasema, "Soma."

Nikasoma, kinyumenyume kama tulivyozoea. Ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Ilisema kwamba wiki iliyopita gazeti hili liliondoa jina la mtu aliye hai katika tangazo la kifo, kwamba jina hilo ni Kwamboka, na kwamba hakuna aliyetudanganya. Mstari wa mwisho ulikuwa neno moja: Tuliogopa.

Nilijua kilichomgharimu. Jumamosi angeketi kanisani na neno lile lingekuwa limeketi naye, kwenye benchi lile lile, karibu na mtu yule yule. Ningeweza kulia, na nusura nilie. Lakini bado nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na haki.

"Mwalimu," nikasema, "mimi sikuogopa."

Kisha akauvuta ule mstari wa mwisho, akaumwaga mezani, akaanza upya. Alitafuta kila herufi kwa kidole, akiisogeza karibu na macho, akikosea, akirudisha. Alipanga jina lake lote, la kwanza na la pili na la baba yake, kisha akalifuatisha na neno niliogopa. Ilimchukua karibu saa nzima. Nilisimama pale na aproni yangu mkononi nikimtazama, na sikumsaidia hata herufi moja.